Saketi Ndogo za Betri Nyumbani: Tangi la Maji, Taa ya Choo na Betri ya Sola

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi, katika ukumbi wa ofisi ya kata



Mmezoea kuniona nikija na matangazo: ratiba ya mgao wa maji, siku za chanjo, tarehe ya mwisho ya kulipa tozo. Leo nimekuja na ndoo, betri, nyaya na kipande cha ubao, na nimeona baadhi yenu mkitazamana. Naomba niwaondoe wasiwasi mapema. Hakuna kinachouzwa hapa, wala halmashauri haijaanzisha ada mpya ya kitu chochote.

Katika mikutano ya vitongoji, malalamiko mawili hurudi kila mara. La kwanza ni maji kumwagika usiku. Wenye matangi hufungulia bomba, husinziapo tangi likajaa, na maji yakaenda mtaroni hadi alfajiri, huku walio mwisho wa bomba wakiamka na ndoo tupu. La pili ni betri za sola kufa kabla ya wakati wake. Yote mawili yana upande ambao ni wajibu wa mamlaka, na upande huo hatutaukwepa. Lakini yana upande mwingine ulio ndani ya nyumba zetu, ambao waweza kushughulikiwa kwa vipande vitatu au vinne vya umeme vinavyoenea kwenye kiganja cha mkono. Huo ndio nilioombwa niuzungumzie. Mimi si fundi umeme. Nimesomea mawasiliano ya umma. Saketi hizi ni kazi ya mikono ninayoifanya jioni kwa kujiburudisha, kama wengine wanavyosuka mikeka au kucheza bao.

Kabla ya kugusa waya wowote, pana mpaka ambao sitauvuka leo, nami nawaomba msiuvuke hata mkifika nyumbani. Kila nitakachokionyesha kinatumia betri ya volti 9 au ya volti 12. Hakuna hata kimoja kitakachochomekwa kwenye umeme wa ukutani.

Sababu yake ni hii. Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230. Kinachomdhuru mtu ni mkondo unaopita mwilini mwake, na mkondo huo si lazima uwe mkubwa. Taa moja ndogo ya LED, ile inayowaka kwenye rimoti au redio, hutumia takribani miliampea 20. Swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini kwa kawaida huwekwa ikate ukifikia miliampea 30, kwa sababu kuanzia hapo misuli ya kifua na moyo huwa hatarini. Tazameni jinsi namba hizo mbili zilivyo jirani. Kinachotulinda tunaposhika betri ya volti 12 ni kwamba msukumo wake ni mdogo mno kupitisha mkondo wa namna hiyo kwenye ngozi kavu. Volti 230 hupenya. Mkono ukiwa umelowa, hupenya kwa wepesi zaidi, na ukinzani wa mwili uliolowa waweza kushuka hadi ohmu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata miliampea 230. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya kiwango kinachoifanya swichi ya usalama ikate.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu zipo video nyingi zinazozunguka kwenye simu za vijana wetu, zikifundisha kuwasha taa za LED moja kwa moja kutoka ukutani kwa kutumia kapasita moja na rezista mbili. Taa huwaka kweli, nami sikatai. Lakini katika saketi ya namna hiyo hakuna kitu chochote kinachotenganisha taa na waya wa moto. Kila mguu wa kila kipande waweza kuwa na volti 230, hata kama taa yenyewe ni ndogo kama punje ya mahindi. Mtoto akiigusa, ameugusa ukuta. Kazi yoyote ya nyaya za ukutani apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni hiyo ipo kwa sababu watu wameungua na wengine wamepoteza maisha.

Jambo jingine linalosahaulika ni chaja ya simu. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hutoa volti 5 tu, basi ni salama kwa kila kazi. Chaja nzuri ndani yake hutenganisha upande wa ukutani na upande wa simu. Chaja duni hutenganisha vibaya, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kitu chochote kitakachogusa maji kisipewe umeme wa chaja. Kipewe betri, na betri hiyo isiwe inachajiwa kwa umeme wa ukutani wakati huohuo. Betri iliyokaa peke yake haina mahali pa kuchukua volti 230.

Sasa tuje kwenye tangi.

Chukueni bomba linalojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili. Hilo si bomba la ajabu, mengi yetu hufanya hivyo siku ya mgao. Likiachwa limimine kwa saa moja juu ya tangi lililokwisha kujaa, litakuwa limemwaga lita 600, yaani ndoo 30. Saa mbili ni ndoo 60, na uniti moja imekwisha kupita kwenye mita, maana uniti ni lita 1,000. Mwenye tangi ataulipia mtaro, na jirani wa bondeni atanunua maji kwa dumu.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili si saketi. Ni boya, lile linaloelea ndani ya tangi na kufunga maji yenyewe. Kama una boya zima linalofunga vizuri, kaa ufurahie mada hii kama burudani, kwa maana huihitaji. Ninayemlenga ni yule anayejaza tangi kwa mpira kutoka bomba la uani, au anayevuta maji kisimani kwa pampu, au yule ambaye boya lake limekwamishwa na chumvi naye hajapata nafasi ya kulibadilisha. Huyo anahitaji kitu cha kumwamsha.

Kitu chenyewe hiki hapa. Kina betri ya volti 9, ile ya pembe nne. Kina buza, yaani kijidude cheusi kinacholia chenyewe kikipewa umeme. Kina transista moja yenye namba BC547, rezista moja ya ohmu 1,000 na nyingine ya ohmu 100,000. Kisha skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu. Basi.

Transista ndiyo moyo wa kazi. Ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, na wanasayansi watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956 kwa ajili yake. Kwa matumizi yetu ya leo, ichukulieni kama lango la zizi linalofunguliwa na mtoto. Mkondo mdogo sana ukiingia mguu wa kati, huruhusu mkondo mkubwa zaidi upite kati ya miguu miwili ya pembeni. Katika BC547 ule mkubwa huwa zaidi ya mara 100 ya ule mdogo. Maji ni mpitishaji dhaifu wa umeme. Hayawezi yenyewe kuliza buza, lakini yanaweza kumfikishia yule mtoto nguvu ya kufungua lango.

Ishike transista miguu ikielekea chini na uso wake bapa ukikutazama. Kutoka kushoto kwenda kulia miguu ni kolekta, besi na emita. Transista zenye namba nyingine zaweza kuwa na mpangilio tofauti, kwa hiyo usibahatishe, muulize aliyekuuzia. Emita iunge na hasi ya betri. Kolekta iunge na mguu hasi wa buza, na mguu chanya wa buza uende kwenye chanya ya betri. Kutoka kwenye chanya hiyohiyo toa waya mrefu hadi skrubu ya kwanza juu ya tangi. Kutoka skrubu ya pili rudisha waya mwingine hadi kwenye rezista ya ohmu 1,000, na mguu wa pili wa rezista uende kwenye besi. Ile ya ohmu 100,000 iunge kati ya besi na emita.

Mtaniuliza, rezista hizo mbili zina kazi gani, maana ukiziondoa zote buza bado hulia. Ya ohmu 1,000 ni mlinzi. Siku skrubu mbili zikigusana, au mtoto akizigusanisha kwa kijiko, bila rezista hiyo betri nzima itamwagika ndani ya besi na transista itaungua. Ikiwapo, mkondo hautazidi miliampea 8 hivi, na transista itavumilia. Ya ohmu 100,000 inashughulika na umande. Alfajiri mfuniko wa tangi hulowa, na utando huo mwembamba wa maji hupitisha umeme kidogo sana, lakini wa kutosha kufanya buza ikoroma kama mgonjwa. Rezista hiyo huumwaga mkondo huo wa umande pembeni kabla haujafungua lango, ukaamshwa bure.

Skrubu zitobolewe kwenye ukuta wa tangi karibu na juu, chini kidogo ya bomba la kumwagia maji ya ziada, zikiachana kwa upana wa vidole viwili. Hapa msibadilishe neno moja: ziwe za chuma kisichoshika kutu. Umeme wa betri unapopita kwenye maji, ule upande wa chanya huliwa taratibu. Ukitumia waya wa shaba, shaba itaingia kwenye maji ya kunywa na waya utageuka kijani kabla hujaizoea saketi yenyewe. Wala risasi ya kuunganishia isifike mahali panapoguswa na maji. Nyaya zifungwe kwa nati upande wa nje wa tangi, zikazwe, kisha zifunikwe zisipate mvua.

Buza na betri havikai kwenye tangi. Hukaa ndani, karibu na kitanda cha mwenye jukumu la kufunga bomba, na katika nyumba nyingi tunamfahamu ni nani. Waya mwembamba wa mita 10 au 20 hauna tatizo, kwa kuwa kinachopita ndani yake ni kidogo mno. Maji yasipofika kwenye skrubu hakuna mkondo unaotiririka, hivyo betri haichoki kwa kusubiri. Huchoka kwa kulia. Kwa sababu hiyo sikuweka swichi ya kuzimia. Ukiweka swichi, ipo siku utasahau kuiwasha, na siku hiyo ndiyo ya mgao. Akiamka mhusika, afunge bomba kwanza, kisha achomoe betri hadi maji yatumike na kushuka chini ya skrubu.

Wale wa vitongoji vya juu wanaokinga maji ya mvua watakutana na shida nyingine. Kinachopitisha umeme ndani ya maji ni chumvi na madini yaliyoyeyuka humo. Maji ya kisima huwa nayo kwa wingi, maji ya mvua huwa nayo kidogo sana, kwa hiyo buza yaweza kulia kwa sauti ya kunong'ona au isilie kabisa. Tiba yake ni kuongeza transista ya pili. Emita ya ile ya kwanza, badala ya kwenda kwenye hasi, iingie kwenye besi ya ile ya pili. Kolekta zote mbili ziunganishwe pamoja. Na emita ya pili pamoja na mguu wa chini wa ile rezista ya ohmu 100,000 ndivyo viende kwenye hasi. Kama kila moja hukuza mkondo mara 100, zote mbili hukuza mara 10,000. Hata maji ya mvua hujisikia hapo.

Kuna mama mmoja aliniuliza jambo katika mkutano uliopita, na swali lake lilikuwa bora kuliko saketi yangu. Alisema yeye hana tangi. Shida yake ni kwamba maji huja usiku wa manane bila saa maalumu, naye hulala akiwa ameacha bomba wazi na sufuria chini yake ili asikie matone. Nilimjibu kwamba kifaa ni kilekile. Skrubu zile mbili zifungwe kwenye kipande cha ubao kinachosimama ndani ya ndoo, ncha zake zikikaribia kugusa sakafu ya ndoo. Maji yakianza kuja, yakipanda upana wa kidole kimoja tu, buza inalia naye anaamka angali na muda wa kupanga ndoo zake zote. Nadhani wengi zaidi katika kata hii watakitumia kwa namna hiyo kuliko kwa tangi. Ombi langu ni moja: chagueni buza ya sauti ya kadiri. Majirani nao wana usingizi wao.

Nihame sasa kwenye taa, nami sitakawia hapo.

Nyumba nyingi za kata hii zina betri ya sola ya volti 12, na nyingi zina choo cha nje. Saketi ya pili ni taa inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukicha, ili mtoto au bibi asipapase ukuta usiku. Taa tatu nyeupe za LED zimefuatana mmoja nyuma ya mwenzake, kwa pamoja hula volti 9 hivi. Rezista ya ohmu 330 humeza zile zinazobaki na kuushikilia mkondo karibu na miliampea 10. Mfululizo huo hutoka kwenye chanya hadi kwenye kolekta ya BC547 ileile, na emita huenda kwenye hasi. Kutoka kwenye chanya, rezista ya ohmu 47,000 huenda kwenye besi. Kutoka besi hadi hasi weka kipande kinachohisi mwanga, ambacho mafundi hukiita LDR. Mchana ukinzani wa kipande hicho hushuka hadi mamia ya ohmu na kuubeba mkondo wa besi kwenda hasi, lango likabaki limefungwa. Giza likiingia ukinzani wake hupanda hadi laki kadhaa au zaidi, mkondo hukosa njia hiyo, huingia kwenye besi, na taa huwaka. Angalieni jambo moja tu: LDR itazame nje, mbali na taa yenyewe. Ikiiona taa itadhani kumekucha na kuizima, kisha itadhani ni usiku na kuiwasha, na choo chenu kitakuwa kama ukumbi wa dansi.

Taa hiyo ikiwaka saa 12 itakuwa imekula ampea-saa 0.12 pekee. Kwa betri ya ampea-saa 50 hicho ni kama kijiko kimoja kutoka kwenye pipa. Tusisahau kwamba mwanga huu mweupe wa bei nafuu ni wa juzi tu. LED nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini pasipo ya buluu haikuwezekana kupata nyeupe, na hiyo ya buluu yenye mwanga mkali ilipatikana miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Nobel mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Jambo la tatu ni afya ya betri yenyewe, na hapa pana fedha nyingi zinazopotea.

Betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ikipumzika bila kuchajiwa wala kutumiwa, na ikawa imejaa, huonyesha volti 12.7 hivi. Ikifika 12.1 imekaribia nusu. Anayeendelea kuangalia mpira hadi televisheni izime yenyewe amekwisha ifikisha mahali pabaya, na akiiacha katika hali hiyo siku kadhaa, fuwele za salfeti hukomaa juu ya bamba zake na sehemu ya uwezo wake hairudi tena. Kidhibiti kizuri cha sola hukata umeme kabla ya hapo. Ninachowajibika kusema ni kwamba wapo kati yetu wanaochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, wakikiruka kidhibiti, kwa sababu kinakata mapema. Kinakata mapema kwa faida yako.

Kwa asiye na kidhibiti cha namna hiyo, au anayetaka kuona kwa macho, kuna saketi yenye vipande vitatu tu: dayodi ya zena ya volti 10, LED nyekundu na rezista ya ohmu 470, vimefuatana kutoka chanya hadi hasi. Ule mstari ulio kwenye zena uelekee upande wa chanya. Zena hiyo haipitishi kitu hadi ipate volti 10, na LED nyekundu hudai karibu 2 zake. Kwa hiyo betri ikiwa na volti 12 na ushei taa huwaka. Inaposhuka kuelekea 11.8 taa hufifia, kisha huzimika. Taa ikizimika, zimeni televisheni. Zena hutofautiana kidogo, hivyo siku ya kwanza ilinganisheni na mita na mjue yenu huzima kwenye kiwango gani.

Nanyi mnaochukua waya kutoka kwenye betri kwa ajili ya taa au kifaa chochote cha leo, sikilizeni hapa. Nimesema volti 12 haziui kwa kugusa. Sikusema haziunguzi nyumba. Betri ya ampea-saa 50 nyaya zake zikigusana yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya mwembamba huwa mwekundu kwa sekunde chache, ngozi yake huwaka, na kama umepita kwenye dari ya makuti au nyuma ya pazia, mengine mnayajua. Wekeni fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya. Fyuzi iliyo mbali hailindi waya ulio kabla yake. Ikikatika, tafuteni sababu, msiirudishe kwa karatasi ya sigara. Betri nayo ikae mahali penye hewa, maana inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kupiga ni bure.

Vifaa nilivyovitaja hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya redio mjini, na kwa wanaokwenda Dar es Salaam, Kariakoo ina maduka yasiyouza kingine. Rezista na transista ni rahisi. Buza ndiyo iliyo ghali kidogo. Redio mbovu nayo ni ghala, lakini televisheni za zamani zenye mgongo mrefu ziacheni. Ndani yake umeme mkali huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Rezista husomwa kwa rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu ni ohmu 1,000, kahawia, nyeusi na njano ni 100,000. Kwa mara ya kwanza msiunganishe kwa risasi ya moto. Sokoteni nyaya au tumieni viunganishi vya skrubu, mhakikishe saketi inafanya kazi, ndipo mchomelee, dirisha likiwa wazi, na mikono ioshwe kabla ya chakula.

Walimu wa sayansi wa shule zetu za kata wamekwisha niuliza kama wanafunzi wanaweza kuzitengeneza. Saketi ya maji wanaweza, na Kidato cha Pili wataifurahia, mradi iwe ya betri ya volti 9 na mwalimu awepo. Ya betri kubwa ya sola wasiachiwe peke yao.

Mchoro wa saketi zote tatu umebandikwa kwenye ubao wa matangazo hapo nje, na kwa wiki mbili zijazo nakala zitapatikana kwa Mtendaji wa Kata bila malipo. Ambaye saketi yake itakataa kulia aje nayo siku ya mkutano wa kitongoji, tutaitazama pamoja. Mara nyingi ni miguu ya transista iliyogeuzwa.

Sasa naomba kijana mmoja aisogeze ile ndoo mbele na amimine maji polepole. Walio nyuma, msimame kidogo mwone skrubu.